Kombe Halihesabiwi

Bi Mwanapili wa Mtambile alikuwa na kiburi kimoja tu, na kiburi hicho kilikaa ndani ya mtungi uliovunjika shingo. Kilikuwa mwasumini. Wanawake wenzake waliipanda miasumini yao ardhini, mbele ya nyumba, wakaiachia mvua na kuku. Yeye wake aliupanda mtungini wakati mwanawe Haroub yumo tumboni, na tangu siku hiyo haukupata kuvua majani. Mwaka mzima ulikuwa kijani, na maharusi wa mtaa mzima walivishwa maua yake. Ukiusifu alijifanya hasikii, lakini siku hiyo huondoki kwake bila kupewa chai.

Waliomuuliza siri yake aliwajibu kwamba ni maji, na wakadhani anawaficha. Hakuwa akificha kitu. Watu hudhani mti wa mtungini hufa kwa kiu. Wapi! Mingi huuliwa na wenye huruma, wale ambao wakiona jani limefifia hukimbilia kata ya maji. Yeye alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa maneno ya mtu. Kaskazi, jua linapochoma mpaka mbuzi wakatafuta vivuli, aliunywesha alfajiri na tena baada ya alasiri, mpaka maji yachuruzike kwenye tundu alilotoboa chini. Masika aliusogeza upenuni, akauweka juu ya mawe ili tundu lisizibe, na kata hakuigusa kabisa. Vuli hakuiamini, kwa sababu mvua yake hulowesha juu ikaacha chini pakavu, kwa hiyo alitia kidole kwanza. Kidole kikizama mpaka pingili ya pili na udongo ukagandana nacho, aliuacha mti na shauri lake.

Kipupwe ndicho kinachowashinda watu. Upepo ni mkavu, midomo inapasuka, na mtu akijisikia kiu hudhani na mti una kiu. Kumbe wakati huo mti umepumzika, haunywi, na maji unayoupa yanakaa kwenye mizizi mpaka yaioze. Kipupwe, Bi Mwanapili aliweza kukaa siku nyingi bila kuupa hata tone, na moyo wake usimsute.

Basi mwanamke huyo, aliyejua yote hayo, ndiye yaliyomfika haya.

Haroub alikuwa fundi wa pikipiki pale njia panda, mtu wa maneno machache na mikono isiyokwisha mafuta. Figo zake zilimgeuka katikati ya masika. Alianza kuchoka, akaanza kutapika, na walipompeleka hospitali daktari alizungumza nao taratibu, akimtazama zaidi Kauthar, mke wa Haroub, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiuliza. Alisema figo zote mbili zimechoka. Haroub ameombewa nafasi Unguja, kwenye mashine za kusafisha damu, na zamu yake ikifika ataitwa. Mpaka aitwe, kazi yao ni moja, asijae maji. Mwili wake hauwezi tena kuyatoa, kila kinachoingia kinabaki humo humo. Akainyanyua chupa ndogo ya maji iliyokuwa mezani, ile ya kununua dukani, akasema hiyo ndiyo ya siku nzima. Chai imo humo, uji umo, na mchuzi umo. Madafu asiyaguse.

"Mkikishika kipimo hiki, atapanda boti ya Unguja kwa miguu yake," alisema daktari.

Kauthar alikishika. Alikuwa msichana wa Wingwi, aliyelelewa na bibi mkali, na jambo akishaambiwa analifanya kama alivyoambiwa. Kila asubuhi aliijaza chupa ile akaiweka kwenye rafu. Akimpa mumewe kikombe cha chai, alipunguza kwenye chupa maji ya kiasi hicho hicho akayamwaga uani. Akimpa uji, vile vile. Kilichobaki kwenye chupa ndicho kilichobaki kwa Haroub, na ikifika magharibi kilikuwa kinafunika kitako tu. Alimpangusa midomo kwa kitambaa kibichi. Alimpa kipande cha ndimu akinyonye. Watu wa mtaani walimwona Kauthar mkavu wa moyo, na wengine walisema hivyo kwa sauti.

Bi Mwanapili yeye aliiona kiu. Hakuna mama aliyeumbiwa kukitazama kitu hicho. Haroub aligeuza uso ukutani pale mtu alipopita na ndoo. Mvua za mwisho za masika zilipopiga bati, alifumba macho akasikiliza, na koo lake likawa linapanda na kushuka. Mama yake aliyaona yote hayo kutoka mlangoni, na roho yake ikawa inakatikakatika.

"Kauthar, mwanangu," alisema siku moja jikoni. "Huyu kafunga Ramadhani gani isokuwa na magharibi?"

"Hata mimi yaniuma, mama. Lakini daktari kasema."

"Daktari kamzaa?"

Kauthar aliendelea kupepeta mchele, na kwa kuwa hakujibu, Bi Mwanapili alijiona ameshinda.

Haroub aliposhindwa kutoka kwenda barazani, mama yake aliona amletee mwasumini chumbani apate kunusa kitu kizuri. Yeye na Kauthar waliuburura mtungi juu ya gunia mpaka ndani, wakauweka chini ya dirisha, karibu na kichwa cha kitanda, na sinia bovu chini yake ili sakafu isilowe. Jua la asubuhi lilikuwa likiufikia pale. Haroub alicheka kidogo, akasema sasa kapata mgonjwa mwenzake. Huo ulikuwa mwanzo wa kipupwe.

Wiki hiyo hiyo Bi Mwanapili alikwenda kwa Shehe Himid, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsomesha Haroub, kumwombea kombe. Asiyejua na ajue kwamba kombe ni aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha sahani ikaoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa akanywa yale maji. Shehe Himid aliandika kwa mkono wake mzuri, herufi za manjano zikizunguka sahani mpaka katikati. Akasema, "Mpe funda asubuhi na funda jioni, Bi Mwanapili. Na yule daktari msiache kumsikiliza."

Shehe aliandika, lakini aliyeosha ni Bi Mwanapili. Alisimama jikoni na sahani ile mkononi, akaona maji aliyoyatia hayafiki hata nusu kikombe. Akamkumbuka mwanawe alivyogeuza uso ukutani. Akaongeza. Maneno ya Mungu hayapungui kwa kuongezwa maji, alijiambia, akaongeza tena, mpaka likajaa jagi zima, na rangi ya zafarani ikawa imefifia, lakini ipo. Kila jagi lilipokwisha alirudi kwa Shehe na sahani yake. Asubuhi akimpelekea Haroub bilauri, na alasiri bilauri nyingine.

"Mama, lile kombe anakunywa kiasi gani?" Kauthar alimuuliza. "Nipate kupunguza kwenye chupa."

"Funda tu."

Na Kauthar, masikini, kila siku alipunguza funda mbili kwenye chupa.

Wala msidhani Bi Mwanapili alijiona anadanganya. Moyoni mwake kombe halikuwa maji. Maji ni yale ya ndooni, na ya kwenye chai, na yale aliyokuwa akiyaogopa daktari. Kombe ni dawa, na dawa inayotoka kwa Mungu haiwezi kumjaza mtu vibaya. Angeulizwa kwa kiapo mwanawe anakunywa maji kiasi gani, angeapa juu ya msahafu kwamba ni chupa ile ndogo, na asingeona kuwa ameapa uongo.

Haroub alilipokea kombe kwa mikono miwili, kama anavyolelewa mtoto wa Kiislamu. "Weka hapo, mama. Nipumzike kidogo kisha ntakunywa." Naye akaweka kwenye kigoda, akatoka, na akirudi anakuta bilauri tupu. Furaha aliyokuwa akiipata kwa kuona bilauri ile tupu hakuipata kwa kitu kingine mwaka ule. Akawa anawaambia watu kwamba mwanawe anapata nafuu, na kweli Haroub alikuwa vile vile, hakuzidi wala hakupungua, na kwa ugonjwa ule kubaki vile vile kulikuwa kheri kubwa.

Mwasumini ndio ulioanza kuumwa.

Kwanza yalikuwa majani ya chini, yakageuka manjano na kudondoka yakiwa bado laini. Kisha na ya juu. Matumba machache yaliyokuwapo yalisinyaa kabla ya kufunguka. Bi Mwanapili alishangaa, kwa sababu yeye alikuwa hajautia tone tangu ulipoingia ndani. Akatia kidole. Kilizama chote, na udongo ulikuwa tope.

"Kauthar, wautilia maji mti wangu?"

"Hata siku moja, mama. Mimi nijue wapi?"

"Basi nani? Jini?"

Kauthar alikusanya majani yaliyodondoka akayatoa nje. Bi Mwanapili akamwekea kinyongo. Kwa siku kadhaa hakumsemesha ila kwa kazi, akiamini kwamba mkamwana wake anamwaga humo yale anayoyapunguza kwenye chupa. Akawaza na hasadi pia, maana kulikuwa na jirani aliyewahi kuusifu mti ule bila kusema mashallah. Aliwaza kila kitu isipokuwa kilichokuwapo.

Asubuhi moja Haroub alipokuwa amelala, alipiga magoti akauinamisha mtungi kidogo. Sinia lililokuwa chini yake lilikuwa na maji. Yalikuwa ya manjano hafifu. Alichovya kidole akakileta puani, na harufu ya marashi ikampanda mpaka machozi yakamtoka. Akabaki pale sakafuni, ameushika mtungi, mpaka mwanawe akafungua macho akamkuta.

Haroub hakukana. Hakuwa mtu wa kukana.

"Mama, nisamehe. Daktari kasema nikizidisha ntajaa. Na kombe halitupwi penye kukanyagwa, ulinfunza mwenyewe. Nikaona hapa mtini hapakanyagwi na mtu."

"Lote? Siku zote hizi?"

"Funda moja nakunywa. Funda ile alosema Shehe. Linobakia..." Akaonyesha mtungi.

Alikuwa amefikiri vizuri, yule kijana. Alikuwa ametafuta njia ya kumtii daktari, na Shehe, na mama yake, wote kwa pamoja, asimvunje mtu moyo wala asilivunjie heshima neno la Mungu, na njia aliipata, akiwa kalala pale na koo lake linawaka moto. Mtu mwingine angemkumbatia mtoto wa namna hiyo. Bi Mwanapili alilia. Hakulia kwa sauti, alilia kwa kukaa kimya na kuyaacha machozi yadondokee mapajani, na hicho ndicho kilio ambacho Haroub tangu utotoni hakuweza kukistahimili.

"Mimi nahangaika kwa Shehe, kwenda na kurudi," alisema. "Kumbe nanywesha mti. Mti wenyewe naufisha, na mwanangu simponyi."

"Basi, mama. Usilie. Ntakunywa."

"Lote?"

Haroub aliangalia bilauri iliyokuwa kwenye kigoda. Aliiangalia kwa muda, na mtu angedhani anaiogopa. Haikuwa hofu tu. Zilikuwa zimepita wiki nyingi hajanywa akashiba.

"Lote," alisema.

Mchana ule Bi Mwanapili aliuburura mtungi peke yake mpaka uani, akauweka juu ya mawe yake. Aliutoa ili mgonjwa asiufikie, na aliutoa ili upone. Tangu hapo akawa haachi bilauri kwenye kigoda. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaishika mwenyewe, na Haroub akanywa mpaka chini, amefumba macho, akivuta pumzi puani kama mtoto anayenyonya. Akimaliza alilamba midomo. Bi Mwanapili hajawahi kuona kitu kilichompa raha kama kile. Aliona mwanawe amenywa, akashiba, akatulia, na mama gani angejizuia?

"Usimwambie Kauthar," alimwambia. "Atazidi kukubania."

Haroub hakumwambia. Labda alimwonea haya mkewe, labda alichoka kubaniwa, labda kiu ilishamshinda nguvu. Hilo alikwenda nalo mwenyewe.

Miguu ilianza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kisha macho, asubuhi yakawa hayafunguki vizuri. Kauthar alipoona hivyo aliingiwa na hofu, akaipunguza chupa. Akamwondolea chai, akambakishia uji. Haroub akazidi kukauka mdomo na kuzidi kuvimba mwili, na Bi Mwanapili alipoona kiu imezidi, alizidisha kombe. Bilauri mbili zikawa tatu. Wakawa hivyo wanawake wawili katika nyumba moja, mmoja akipunguza kwa machozi na mwingine akiongeza kwa machozi, na kila mmoja akiamini ndiye anayemshikilia Haroub asianguke.

Huko uani mwasumini ulipona. Udongo ulikauka, ukaacha kunuka, na kwenye vijiti vilivyokuwa vitupu vikachomoza vijani vidogo vya kijani kibichi. Bi Mwanapili aliviona akafurahi, akasema si unaona, ulikuwa umezidiwa maji tu, masikini. Alisema hivyo kwa mdomo wake, huku mkono wake wa pili umeshika jagi la kombe, akaingia ndani kwa mwanawe.

Ikafika siku Haroub hakuweza kulala chali. Akilala anakabwa. Alikaa kitandani ameegemea mito, kifua kikikoroma, na kila pumzi aliifanyia kazi. Kauthar alimwita dereva wa gari ya jirani, wakampakia, na Bi Mwanapili akaingia nyuma akamshika kichwa. Kombe lililobaki alilitia kwenye chupa, akaifunga kwenye kanga yake.

Hospitali walimtia mashine ya hewa na wakamchoma sindano za kumkojoza, lakini figo hazikuitika. Daktari ni yule yule. Aliusikiliza mgongo wa Haroub sehemu nyingi, kisha akatoka nao ukumbini.

"Maji yamejaa mapafuni," alisema. "Alikuwa anakunywa kiasi gani?"

Kauthar aliitoa chupa kwenye mkoba. Alikuja nayo kama ushahidi. "Hii, daktari. Na siku hizi haifiki hata hapa." Akaonyesha kwa kidole.

Daktari aliitazama chupa, akamtazama Kauthar. Hakuwa mtu mbaya, wala hakusema kwa ukali. "Bi Kauthar, maji niliyoyasikia mle hayatoki kwenye chupa hii."

"Wallahi, daktari. Wallahi nilikuwa nampimia mwenyewe."

Bi Mwanapili alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka walipo. Alikuwa na kitu cha kusema na alijua kwamba anacho. Ndipo hapo, mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya buluu mpaka nusu, lilipomjia. Alimwona mwanawe amefumba macho, anakunywa. Akaziona zile bilauri zote, za asubuhi na za alasiri na zile alizoziongeza, zimepangwa moja baada ya moja, na zote zilikuwa zimejaa maji. Zafarani kidogo, marashi kidogo, na maji. Alikuwa mtu aliyetia kidole kwenye udongo maisha yake yote ili ajue, na mguu wa mtoto wake aliubonyeza, akaona shimo linabaki, na hakujua.

Alifungua mdomo. Daktari alikuwa ameshaitwa ndani.

Haroub alifariki kabla ya adhuhuri. Hakusema neno la maana kwa mtu yeyote, alikuwa hana pumzi ya kusemea. Alimwangalia mkewe, akamwangalia mama yake, na Bi Mwanapili mpaka leo hajui jicho lile la mwisho lilikuwa linamwambia nini. Anajua tu kwamba halikumlaumu, na hilo limemtesa zaidi kuliko kama lingemlaumu.

Alizikwa alasiri ile ile. Watu walikuja wengi, mafundi wenzake wa pale njia panda, watu wa Wingwi upande wa mkewe, na Shehe Himid alimsomea dua mpaka sauti ikamkatika. Chupa ya kombe iliyokuwa kwenye kanga, Bi Mwanapili aliibeba mpaka nyumbani. Hakuweza kuimwaga na hakuweza kuinywa. Aliizika nyuma ya nyumba vile vile ilivyo.

Kauthar akakaa eda kwenye chumba kile kile. Mwanamke aliye edani hajipaki manukato wala hanusi maua ya kujipambia, na vuli ilipoingia mwasumini ulichanua kwa wingi ambao Bi Mwanapili hajapata kuuona. Kila alasiri alitoka uani akayachuma matumba yote kabla hayajafunguka, akayafukia mchangani, harufu isimfikie mkamwana wake. Akatia kidole mtungini. Akaunywesha kiasi chake, wala hakuzidisha. Hakukosea hata siku moja, na kila siku alitamani mikono yake ikatike.

Kila siku pia alijiambia leo atasema. Angeingia na chai, angekaa, angesema, "Kauthar, nilikuwa nampa mimi." Ni maneno machache mno. Akiingia anamkuta Kauthar ameikamata ile chupa ndogo, tupu, anaizungusha mikononi. Hakuwa akila. Mama yake mzazi alikuja kutoka Wingwi akamlazimisha, akala kidogo akatapika. Mifupa ya shingo ilimtokeza. Bi Mwanapili aliweka chai chini, akatoka.

Siku moja, kaskazi imekwishaanza kuvuma, Kauthar alimwita kabla hajaufikia mlango.

"Mama, kaa. Nataka kukwambia jambo, na nataka usinikatize."

Bi Mwanapili akakaa ukingoni mwa kitanda, pale pale alipozoea kukaa.

"Yule daktari alisema kweli," alisema Kauthar. "Nimefikiri tangu siku ile. Kuna siku nilimpa chai nikasahau kupunguza. Siku nyengine mchuzi sikuuhesabu, niliona ni kidogo. Aliponiomba usiku nikampa funda, mara mbili tatu, nikasema si kitu. Zilijikusanya, mama. Mimi ndiye nilopewa kipimo, na mimi ndiye nilokiharibu. Mwanao nimemuua mimi kwa maji." Aliteremka kitandani akapiga magoti sakafuni, akaishika miguu ya mama mkwe wake. "Sili, silali, kwa sababu sina radhi yako. Nakuomba radhi, mama. Ukininyima una haki."

Huo ndio ulikuwa wakati wenyewe. Mlango ulikuwa wazi, na maneno yale machache yalikuwa ulimini. Bi Mwanapili alimtazama yule msichana aliyemwaga uani maji ya kiasi cha kila kikombe cha chai alichompa mumewe, aliyepunguza hata funda mbili za kombe, na akaona kabisa anachotakiwa kukifanya. Akaona pia watakavyomtazama, Kauthar, na watu wa Wingwi, na mtaa mzima, na Haroub siku watakayokutana mbele ya Mola wao. Akaogopa. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Mwanamke mzima mwenye mvi aliogopa.

"Inuka, mwanangu," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Nimekuwia radhi. Nimekusamehe duniani na akhera."

Kauthar alilia kwa muda mrefu, kichwa amekilaza mapajani mwa mama mkwe wake, akambusu mkono tena na tena. Kisha akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akaomba chakula. Bi Mwanapili alimletea wali na samaki wa kukaanga, akaketi mbele yake. Kauthar alikula tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikaisha, akaomba kingine, na Bi Mwanapili akainuka kwenda kumpakulia, akijua kwamba sasa hawezi tena kusema.